Maswali ya wanafunzi kuhusu Zama za Kati katika pwani ya Afrika Mashariki

MWANAFUNZI anayeingia kwa mara ya kwanza katika magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, hukutana na mji ulioachwa katikati ya msitu: kuta za mawe, msikiti mkuu usio na paa, visima virefu na makaburi yenye nguzo. Swali la kwanza linalomtoka kinywani aghalabu huwa hili: Ni nani waliojenga hapa?

Swali hilo si dogo. Kwa miaka mingi jibu lililotolewa vitabuni liliwapokonya wenyeji wa pwani kazi ya mikono yao. Mwanafunzi anayelimeza jibu hilo bila kulitafuna hupoteza alama katika mtihani, na isitoshe hupoteza sehemu ya historia yake mwenyewe.

Makala haya yanayapitia maswali ambayo wanafunzi huuliza mara kwa mara kuhusu historia, sanaa na utamaduni wa pwani yetu katika Zama za Kati. Majibu yametolewa kwa muhtasari, pamoja na ushahidi unaoyategemeza.

Zama za Kati ni kipindi gani, na je, zilikuwapo Afrika?

Istilahi hii ilibuniwa Ulaya. Wanahistoria wa huko waliitumia kutaja karne zilizo kati ya kuanguka kwa Dola ya Roma ya Magharibi mwaka 476 na mwisho wa karne ya 15. Kwa hivyo, mipaka yake ni ya Ulaya na wala haitokani na jambo lolote lililotukia kwetu.

Hata hivyo, istilahi hiyo inatufaa kwa sababu moja. Katika karne hizo hizo, yaani kuanzia karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, pwani ya Afrika Mashariki ilishuhudia kuchipuka, kukua na kudhoofika kwa miji mingi, kuanzia Mogadishu upande wa kaskazini hadi Sofala katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Kati yake palikuwa na Shanga, Manda, Pate, Malindi, Gede, Mombasa, Mtwapa, Tumbatu, Kilwa na Songo Mnara. Mwanafunzi anapotaja Zama za Kati za pwani, basi, ana maana ya kipindi cha miji hiyo.

Je, miji hiyo ilijengwa na Waarabu?

Hili ndilo swali lenye utata mkubwa kuliko yote. Watafiti wa enzi ya ukoloni walipoona misikiti, kauri za kigeni na kuta za mawe, walikata kauli kwamba wageni kutoka ng'ambo ya bahari ndio walioanzisha miji hiyo. James Kirkman, aliyefukua Gede kuanzia mwaka 1948, alifanya kazi kubwa ya kuhifadhi mahali hapo, lakini alifanya kazi katika zama zilizoiona miji hii kuwa makoloni ya Waarabu.

Ufukuzi wa baadaye uliibadilisha picha hiyo. Katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua Shanga katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine iliyofuatana, mmoja juu ya mwingine, na iliyo ya kale zaidi ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Kwa maneno mengine, mji haukuletwa ukiwa umekamilika kutoka ng'ambo. Ulikua polepole, kizazi baada ya kizazi, kutoka kijiji cha nyumba za miti na udongo hadi mji wa mawe.

Vyungu navyo vinatoa ushahidi. Vipande vingi vya vyombo vinavyopatikana katika tabaka za chini za miji hii ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa. Aina hiyo ya vyungu, ambayo wataalamu huiita ya mapokeo ya Tana, imepatikana kutoka Lamu hadi Msumbiji na pia katika maeneo ya bara. Kauri kutoka Uajemi, Bara Hindi na China zimo, lakini ni sehemu ndogo sana ya vipande vyote. Kama wakazi wangekuwa wageni watupu, mtu angetarajia kuona kinyume chake.

Jibu fupi, basi, ni kwamba miji hiyo ilikuwa ya Waafrika wa pwani waliosema lugha ya Kibantu, wakakubali dini ya Kiislamu, wakafanya biashara na mataifa ya Bahari Hindi na kuoana na baadhi ya wafanyabiashara waliokuja.

Hadithi ya Washirazi ni ya kweli au ni ngano?

Masimulizi ya Kilwa yanaeleza kwamba mfalme wa kwanza, Ali bin al-Hassan, alitoka Shirazi katika Uajemi na kukinunua kisiwa hicho kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Toleo moja la habari hizo lilichapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Kwa muda mrefu wanahistoria wengi waliichukulia hadithi hii kuwa njia ya watawala kujipa nasaba tukufu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembechembe za urithi, yaani DNA, zilizotolewa katika mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani na katika eneo moja la bara kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Miongoni mwa mahali palipochunguzwa ni Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalionyesha kwamba wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na asili mbili. Upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa kiasi kikubwa, ilhali sehemu kubwa ya upande wa akina baba ilitoka Asia, hasa Uajemi, pamoja na mchango kiasi wa Bara Hindi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Asili ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Mwanafunzi asifanye haraka kusema kwamba wakoloni walikuwa wamesema kweli. Kufikia mwaka 1000, Shanga ilikuwa imekwisha kuwapo kwa zaidi ya karne mbili. Aidha, watoto wa ndoa hizo walikua wakisema lugha ya mama zao na kuishi katika jamii za mama zao. Tena, makaburi yaliyochunguzwa mengi yalikuwa karibu na misikiti na nyumba za mawe, mahali walipozikwa watu wenye hadhi, na hayawezi kuwawakilisha wakazi wote. Kwa hiyo hadithi ya Washirazi ina kiini cha ukweli kuhusu nasaba ya baadhi ya watu, lakini haitoshi kueleza chimbuko la miji.

Nyumba za mawe zilijengwa namna gani?

Malighafi yote ilipatikana karibu. Mawe yalikuwa ya matumbawe. Yale ya nchi kavu yalichimbwa na kutumiwa kwa kuta za kawaida. Yale ya baharini yalikatwa yakiwa bado mabichi na laini, yakachongwa upesi kabla ya kukauka na kuwa magumu. Hayo ndiyo yaliyotumiwa kwa mihirabu, fremu za milango na mapambo. Matumbawe pia yalichomwa ili kupata chokaa ya kuunganishia mawe na kupigia lipu.

Paa la bapa lilishikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake wa asili, na kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu au pungufu. Mwanafunzi akipima chumba cha Gede au cha nyumba ya kale ya Lamu, atagundua kwamba mti wa mkoko ndio uliomwamuru fundi.

Jengo kubwa kuliko yote lilikuwa jumba la Husuni Kubwa, Kilwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika utawala wa Sultani al-Hassan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na hodhi la kuogea lenye pembe nane. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao ulipanuliwa katika karne hiyo na kuezekwa kwa kuba na matao. Hata hivyo, mwanafunzi akumbuke kwamba watu wengi wa miji hiyo hawakuishi katika mawe. Walikaa katika nyumba za miti, udongo na makuti, ambazo zimeoza na kutoweka.

Sanaa yao ilikuwa ya namna gani?

Kwa kuwa misikitini hapakuchorwa sura za watu wala wanyama, mafundi walielekeza ustadi wao katika michoro ya maumbo, nakshi za majani na maandishi. Mfano mashuhuri ni mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya hati ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe na kutaja mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107.

Sanaa nyingine ni makaburi ya nguzo. Nguzo hizo hupatikana Malindi, Gede, Mnarani na Kaole, miongoni mwa mahali pengine, na nyingine zilipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa ndani ya lipu. Gede kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na mwaka 1399, ambalo limewasaidia sana watafiti kukadiria umri wa mji.

Wanafunzi wengi hutaja pia milango ya nakshi ya Lamu na Zanzibar pamoja na ngome ya Fort Jesus. Hapa tahadhari inahitajika. Milango mingi inayoonekana leo ni ya karne ya 18 na 19. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Yote ni ya thamani, lakini si ya Zama za Kati, na mtahini hatakosa kuliona kosa hilo.

Waliuza na kununua nini?

Biashara iliendeshwa na pepo. Kaskazi, zinazovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, zilileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, zinazoanza kuvuma mwezi Aprili, ziliwarudisha. Mfanyabiashara aliyechelewa alilazimika kungoja miezi mingi, na kungoja huko ni sababu mojawapo ya wageni kuoa na kuzamia pwani.

Pembe za ndovu zilikuwa bidhaa kuu. Msafiri al-Masudi, aliyefika pwani hii katika mwongo wa pili wa karne ya 10, aliandika kwamba pembe hizo zilipelekwa Omani na kutoka huko zikafika Bara Hindi na China. Dhahabu ilitoka bara, katika nchi ya Zimbabwe Kuu, ikapitia Sofala na kuitajirisha Kilwa. Chuma, boriti na ambari pia ziliuzwa. Watumwa waliuzwa vilevile, na hili halifai kufichwa: Ibn Battuta aliandika kwamba sultani wa Kilwa alikuwa akiwavamia watu wa bara na kuchukua ngawira. Walichonunua ni nguo, shanga za kioo na kauri.

Miji kadhaa ilitengeneza sarafu zake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha. Sarafu za shaba za Kilwa zilikuwa na maandishi yenye vina, upande mmoja ukipatana na wa pili. Sarafu moja ya al-Hassan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Watu walikula nini na waliishi vipi?

Shahidi wetu mkuu ni Ibn Battuta wa Morocco, aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na nyama, kuku, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na maembe. Mombasa aliwakuta watu wakila ndizi na samaki. Aliwasifu kwa ucha Mungu na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, akaeleza jinsi walivyoosha miguu kabla ya kuingia.

Mabaki ya kale yanaongezea yale asiyoyaandika. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi vilivyopatikana Kilwa na kwingineko vinathibitisha kwamba pamba ilisokotwa hapa. Mabaki ya tanuri na takataka za chuma yanaonyesha kazi ya wahunzi. Baharini walitumia vyombo vya kushonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, vilivyokuja kujulikana kwa jina la mtepe.

Lakini shahidi huyu naye ahojiwe. Ibn Battuta alisimulia safari zake miaka mingi baada ya kuizuru pwani hii, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Alisema kwamba Kilwa ilijengwa kwa mbao, ilhali tunajua kwamba palikuwa na msikiti wa mawe na jumba la Husuni Kubwa. Yamkini alizungumzia nyumba za watu wa kawaida, au kumbukumbu zilimchenga. Mwanafunzi anayelinganisha maandishi na magofu namna hii anafanya kazi halisi ya mwanahistoria.

Je, walizungumza Kiswahili?

Naam, ingawa si Kiswahili cha leo. Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Maneno ya Kiarabu ni mengi ndani yake, lakini ngeli zake, viambishi vyake na muundo wa sentensi zake ni vya Kibantu. Jina lenyewe la Waswahili linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani.

Hatuna hati ya Kiswahili ya karne ya 12 au ya 14 mkononi. Mojawapo ya tendi za kale zaidi zilizosalia ni Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 kwa hati za Kiarabu. Kwa upande wa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa eneo la Ozi na Pate, wataalamu wamempa karne mbalimbali, nyingine zikiwa ndani ya Zama za Kati. Utendi unaosimulia habari zake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mwanafunzi atofautishe, basi, kati ya wakati wa kuishi kwa shujaa na wakati wa kuandikwa kwa utendi.

Je, ni kweli kwamba twiga wa Malindi alipelekwa China?

Ni kweli. Kumbukumbu za China zinaeleza kwamba mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpeleka twiga kwa Mfalme Yongle kama zawadi. Baadaye, katika safari ya miaka ya 1417 hadi 1419, merikebu za nahodha mkuu Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya enzi ya Yongle ilikuwa imepatikana katika kisiwa cha Manda. Hata hivyo, sarafu moja haithibitishi kwamba Mchina aliitia mkononi mwa mtu wa Manda. Fedha husafiri kupitia mikono mingi.

Kwa nini miji hiyo ilianguka?

Sababu ni nyingi. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mombasa ilimshuku, ilhali Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, ilimpokea na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliivamia na kuipora Kilwa, kisha Mombasa. Wareno wakajaribu kuihodhi biashara ya dhahabu ya Sofala, nayo njia iliyokuwa ikiilisha Kilwa ikakatika.

Lakini si miji yote iliyouawa na Wareno. Shanga iliachwa katika karne ya 15, kabla hawajafika. Gede ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuhusu Gede watafiti wametaja kupungua kwa maji ya visima, mashambulizi kutoka bara, na kuhamishwa kwa makao ya Wareno kutoka Malindi hadi Mombasa mwaka 1593. Mwanafunzi anayeandika sababu moja tu huwa amejibu nusu ya swali. Na miji mingine haikufa kabisa: Lamu, Pate na Mombasa zingali na watu hadi leo.

Mwanafunzi ajiandae vipi?

Kwanza, ataje ushahidi kila anapotoa dai: ni maandishi, ni jengo, ni sarafu, ni chungu, au ni mifupa? Pili, ajiulize aliyeandika alikuwa nani na aliandika lini. Tatu, akipata nafasi, akatembelee mahali penyewe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliorodheshwa na Unesco kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na Gede mwaka 2024.

Huko atayaona matumbawe yaliyochongwa, na shimo la boriti lililobaki ukutani. Akirejea tena katika swali lake la kwanza, la nani waliojenga hapa, atakuwa na jibu la kulitetea: ni watu wa pwani hii, wenye mama wa hapa na baadhi yao baba wa ng'ambo, waliochimba jiwe la hapa, wakakata mti wa hapa na kusema lugha ambayo yeye mwenyewe anaisoma sasa.